Betri ya ndege si ya gari

Nchini Marekani, mwenye Cessna ndogo anayetaka kuondoa betri nzito ya risasi na asidi ili aweke ya lithiamu hana budi kupata kwanza idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, FAA. Wengi huteta kuhusu gharama na makaratasi, na wana haki, kwani ndege ambazo wenyewe wamejiundia hazibanwi hivyo.

Lakini mnamo 2011 FAA iliagiza betri za lithiamu ziondolewe katika ndege aina ya Cessna CJ4 baada ya moja kushika moto ndege ikiwa ardhini. Januari 2013, Boeing 787 nazo zikazuiwa kuruka kwa ajili ya betri. Isitoshe, uzito ukipungua, mizani ya ndege hubadilika, nayo sharti ikokotolewe upya.