Wakulima wa Mwani Wapewe Vyombo

Bamvua likitoa maji, wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu hushuka ufukweni na kamba zao, wakainama juani kufunga mbegu za mwani kati ya vigingi hadi maji yanapoanza kujaa. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na tangu hapo limesomesha watoto na kujenga nyumba.

Sasa bahari ya kina kifupi imepata joto kupita kiasi. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hauvumilii: matawi yake hupauka, huwa meupe na laini, ukiligusa moja linakatika mkononi. Wengi wamebaki na spinosamu, unaostahimili zaidi lakini bei yake ni duni. Ndio huo unaokaushwa na kusafirishwa ng'ambo, ukatolewa utomvu wa kugandishia dawa ya meno na vyakula.

Watafiti wameshaonyesha kwamba kotonii humea vyema kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto halibadiliki ovyo. Lakini huko huendi kwa miguu, na wengi wa wakulima hawa hawajui kuogelea wala hawana chombo. Tunaitaka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, inayoutangaza uchumi wa buluu katika kila jukwaa, itenge fedha za boti, majaketi ya kuokolea maisha na mafunzo ya kuogelea. Wanunuzi nao waongeze bei ya spinosamu, kwa kuwa jasho linalomwagika ni lilelile.