Tuhuishe Ubongo wa Mitambo ya Gesi Mapema

TUNAPOHESABU uwezo wetu wa kufua umeme kwa gesi tuna desturi ya kuhesabu chuma. Tunasema Ubungo II, iliyoanza kazi mwaka 2012, ina mitambo mitatu; Kinyerezi I, iliyozinduliwa mwaka 2015, ilianza na minne; na Kinyerezi II, iliyozinduliwa mwaka 2018, ina uwezo wa megawati 240. Hesabu hizo ni za kweli na ni za kujivunia. Lakini katika kila kituo kuna kitu ambacho hakimo katika hesabu hizo wala hakionekani katika picha za uzinduzi. Nacho ni makabati ya elektroniki yanayouongoza mtambo tangu unapowashwa hadi unapozimwa. Huo ndio ubongo wake, nao huzeeka upesi kuliko mwili.

Kazi ya ubongo huo si ndogo. Jenereta yenye ncha mbili za sumaku haina budi kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ndio unaotumika katika gridi yetu. Wananchi wakiwasha pasi na majiko jioni, mzigo huongezeka na mwendo hutaka kupungua. Mfumo wa udhibiti huongeza gesi papo hapo. Laya ikikatika ghafla na mzigo ukaondoka, mtambo unaweza kwenda mbio kupita kiasi kwa muda wa sekunde chache tu; mfumo huo huo hauna budi kuifunga vali ya gesi kabla chuma hakijapasuka. Wakati wote huo hupima joto la moshi unaotoka, mtikisiko wa mhimili na kuwaka kwa moto, maana joto likizidi mapanga ya mtambo huungua. Hakuna binadamu awezaye kuifanya kazi hiyo kwa mkono.

Mtambo wa gesi ukitunzwa vema na kubadilishiwa vipuri kwa wakati unaweza kutumika miaka 30 au zaidi. Vyombo vya elektroniki kwa kawaida huanza kuchoka baada ya miaka 15 hadi 20, na mara nyingi hufa sokoni kabla ya kufa kabatini. Mtengenezaji huacha kuunda kadi za aina fulani, wataalamu waliozijua hustaafu, na kompyuta zilizotumika kuzungumza na mtambo hupitwa na wakati. Kampuni ya General Electric peke yake imetoa vizazi vingi vya mfumo wake uitwao Speedtronic, kuanzia Mark I ya mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi Mark VIe ya karne hii. Programu ya Windows XP, iliyotumika katika vyumba vingi vya udhibiti duniani, iliachwa na kampuni ya Microsoft mwezi Aprili 2014. Kituo kinachobaki nyuma hujikuta kikitafuta vipuri kwa wauzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika, tena bila dhamana.

Hatari ya uzee huo ni kwamba hauji kwa kishindo. Mifumo mingi ya mitambo mikubwa ina kompyuta tatu ambazo, tuseme, hupiga kura: mbili zikikubaliana, ya tatu hupuuzwa na mtambo huendelea. Huo ni mpango wa busara, lakini una mtego. Kompyuta moja inapokufa, umeme hauzimiki. Taa ya tahadhari huwaka, zamu hupokezana, na baada ya miezi taa hiyo huwa kama sehemu ya ukuta. Siku ya pili inapokufa, mtambo hujizima katikati ya mzigo. Kila kuzimika kwa namna hiyo huvidhuru vyuma vilivyokuwa katika joto kali, na huitupia mitambo mingine ya gridi mzigo wa ghafla ambao huenda isiumudu. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende.

Hatusemi kwamba mitambo ya Ubungo au Kinyerezi ni mibovu. Tunasema kwamba umri unakwenda, na Ubungo II imekwisha kupita mwaka wake wa kumi. Huu ndio wakati wa kupanga, maana bado hatujashurutishwa.

Wako watakaouliza: fedha za nini katika mitambo ya gesi, ilhali tunalo Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme mwezi Februari 2024? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Bwawa hilo ni hazina ya taifa, lakini maji hutegemea mvua. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, ukame uliyashusha mabwawa yetu na wananchi wakaonja adha ya mgawo: viwanda vilisimama, na vinyozi, mafundi cherehani na wauza samaki wakapoteza riziki. Tena, bwawa likibeba mzigo mkubwa, kazi ya gesi hubadilika. Mtambo uliokuwa ukizunguka mchana na usiku sasa hungoja, kisha hutakiwa kuwaka mara moja unapoitwa. Kuwasha na kuzima mara kwa mara ni kazi inayoutegemea sana mfumo wa udhibiti. Akiba isiyowaka siku ya shida si akiba.

Ukame wa mwaka 2006 ulitufundisha jambo la pili, nalo ni ubaya wa kununua kwa haraka. Umeme wa dharura ulitafutwa giza likiwa limekwisha kuingia, na sakata la mkataba mmoja, ule wa Richmond, lilifikia kujiuzulu kwa Waziri Mkuu mwezi Februari 2008. Anayenunua akiwa amepiga magoti hapangi bei. Ndivyo itakavyokuwa kwa mfumo wa udhibiti tukisubiri ufe.

Kwa hiyo tunalishauri Shirika la Umeme, TANESCO, na Wizara ya Nishati mambo manne.

Kwanza, kila kituo kiwe na orodha ya kadi, vipima na kompyuta zake, yenye umri wa kila kimoja na kama bado kinaundwa. Ubadilishaji upangwe wakati wa matengenezo makubwa, mtambo unapokuwa umesimama kwa sababu nyingine.

Pili, kazi ifanywe mtambo mmoja mmoja. Kadi nzima zinazotolewa katika mtambo wa kwanza zihifadhiwe ziwe vipuri vya ndugu zake wanaongojea zamu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tununue maarifa pamoja na makabati. Mkataba utamke wazi kwamba michoro yote, programu zote na maneno ya siri yatakabidhiwa kwa Shirika. Wahandisi wetu wawepo kiwandani mfumo unapojaribiwa, si kwa kutembezwa bali kwa kushika kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam vipewe nafasi ya kufundishia vijana juu ya mifumo hiyo. Mtambo unaohitaji mgeni apande ndege kila taa nyekundu inapowaka bado haujawa wetu, hata kama tumeulipia.

Nne, mfumo mpya usiachwe wazi kwa mitandao ya nje. Mwezi Desemba 2015 wavamizi wa kompyuta waliwakatia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine wakiwa mbali na mitambo. Mlango unaofunguliwa kwa urahisi wa kazi aweza kupita na mwizi.

Haya yote yanahitaji fedha, lakini bei ya mfumo mpya wa udhibiti ni sehemu ndogo ya bei ya mtambo mpya. Ugumu wake ni kwamba kazi hii haina utepe wa kukatwa, wala hakuna kiongozi atakayepigwa picha mbele ya kabati lililobadilishwa. Tunawaomba wenye mamlaka waifanye hivyo hivyo. Mwananchi atakayewasha taa jioni ikawaka hatajua kilichofanyika, na hiyo ndiyo itakuwa sifa yao.