Tambi za pakiti kwa aliyeambiwa apunguze chumvi



Ndugu zangu katika imani, tangu tulipoanza hapa darsa za kuutunza mwili, kuna swali moja linaniijia kwa sura nyingi. Muulizaji mmoja ana presha. Mwingine ana sukari. Mwingine hana ugonjwa wowote, ameona tu kitambi kinatangulia mbele kabla yake hajafika. Wote wameshaanza kufanya bidii: soda wameacha, chipsi wamepunguza, baada ya swala ya Alfajiri wanatembea. Halafu wote wanagotea pahala pamoja: "Sheikh, na hizi tambi za pakiti je? Mbona zimeandikwa halali?"

Kwanza tuelewane tunazungumzia tambi zipi. Si zile tambi za futari zinazopikwa kwa sukari, iliki na nazi, ingawa hizo nazo mwenye sukari ana hesabu zake. Nazungumzia zile zilizojikunja ndani ya pakiti, zenye kile kipakiti kidogo cha unga wa kiungo, unachemsha dakika tatu umekula. Wengi mnaziita Indomie hata kama kampuni iliyozitengeneza ni nyingine. Huku kwetu Kemambo, na Nyamongo yote, hakuna kibanda utakachokosa kuziona zinaning'inia.

Sasa kabla sijajibu, naomba niondoe uchafu mmoja njiani. Kuna ujumbe unazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, tena baadhi ya wanaousambaza ni walinganiaji, kwamba tambi hizi zimepakwa nta kama ya mshumaa, na kwamba hiyo nta inakaa tumboni siku kadhaa. Huo ni uongo. Tambi hizi hazina nta. Hazishikani kwa sababu zimekaangwa kwenye mafuta kiwandani mpaka maji yakaisha, ndiyo maana zinakaa miezi bila kuoza. Kuna video moja ya Marekani ambayo watu hupenda kuitumia kama ushahidi, ya kamera ndogo iliyomezwa kutazama tambi tumboni. Jaribio lile lilikuwa la watu wawili tu. Watu wawili! Allah katika Surat Al-Hujurat ametuamrisha kuzichunguza habari kabla ya kuzifanyia kazi, na amri ile haikubagua habari za siasa na habari za chakula. Ukimtisha Muislamu kwa uongo ili aache kitu, siku akiugundua uongo wako atakirudia kile kitu, na mawaidha yako ya kweli hatayasikiliza tena.

Haya, turudi kwenye swali. Je, ni halali? Kama viungo vyake ni halali, ndiyo, ni halali. Wala mimi sina ruhusa ya kusema vingine, na Surat An-Nahl inakemea vikali ndimi zinazosema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Allah. Kuisoma pakiti ni wajibu wako hata hivyo. Wazee wenzangu watakumbuka Indonesia mwanzoni mwa mwaka 2001, Baraza la Maulamaa la kule lilipotangaza kuwa kiungo cha Ajinomoto kilichokuwa sokoni si halali, kwa sababu katika utengenezaji wake kulitumika kitu chenye asili ya nguruwe. Bidhaa iliondolewa, utengenezaji ukabadilishwa. Kwa hiyo anayetafuta nembo ya halali kwenye pakiti si mtu wa wasiwasi, anafanya jambo lake.

Lakini ndugu yangu unayeuliza, nembo ile imejibu swali moja tu. Qur'an mara nyingi inapotaja chakula inaweka maneno mawili pamoja, halali na twayyib, kizuri chenye kufaa. Nembo inasema juu ya pakiti. Haikujui wewe. Haijui daktari alikupima lini wala alikwambia nini.

Na hapa nataka tukae kidogo kwenye hadithi moja ambayo naona haisomwi vya kutosha misikitini. Ameipokea Ummul Mundhir, mwanamke wa Kiansari, na imo katika Sunan ya Abu Dawud na ya Tirmidhi. Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) aliingia nyumbani kwake akiwa pamoja na Sayyidna Ali (Allah amridhie), na Ali wakati huo ndio kwanza anainuka kutoka ugonjwani. Pale nyumbani palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akaanza kula, Ali naye akasimama ale. Mtume akamzuia, akimkumbusha kwamba yeye bado ni mtu anayepona. Ali akaacha. Yule mama alikuwa amepika shayiri na mboga za majani, akaleta. Mtume akamwelekeza Ali ale katika kile chakula, kwa kuwa ndicho kinachomfaa zaidi.

Tafakarini. Tende! Hakuna Muislamu atakayesema tende ina shaka. Tena Mtume mwenyewe anazila palepale, kwenye kishada kilekile. Hakumwambia Ali kwamba tende ni mbaya. Alimwambia kwa maana kwamba kwa hali yako ya leo, hizi si zako. Ibnul Qayyim ameizungumzia hadithi hii katika mlango wa tiba ya Mtume, kama msingi wa kujizuia na chakula kwa sababu ya afya, jambo ambalo Waarabu wanaliita himya. Hiyo ndiyo dayati yenu. Haikuanzia Ulaya.

Kwa hiyo mtu mwenye presha anapoambiwa na tabibu mwaminifu apunguze chumvi, akajibu "lakini ni halali", hajajibu kitu. Ali naye angeweza kusema tende ni halali.

Na chumvi yenyewe tuihesabu, tusiseme kwa hisia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi yote, ya mboga, ya mkate, ya dagaa. Kwenye pakiti hawaandiki chumvi, wanaandika sodiamu kwa miligramu. Chukua ile namba uizidishe kwa mbili na nusu, umepata chumvi. Pakiti iliyoandikwa sodiamu miligramu 1,000 ina gramu 2.5 za chumvi, yaani nusu ya siku nzima. Sasa niambieni nyinyi wenyewe, nani kijana wa hapa anayeshiba pakiti moja? Anapika mbili. Basi bakuli moja la saa tatu usiku limemaliza chumvi ya siku nzima, na mchana alishakula dagaa. Halafu wapo wanaoonja kwanza na kuongeza chumvi mbichi juu. Hao siwasemei.

Juu ya chumvi kuna mafuta. Mara nyingi ni mawese, na takriban nusu ya mawese ni yale mafuta ambayo madaktari wanawataka watu wa moyo na presha wayapunguze. Unga wake ni ngano nyeupe iliyokobolewa, nyuzinyuzi kidogo, protini kidogo. Ndiyo maana baada ya saa mbili njaa inabisha hodi tena. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watu wazima zaidi ya 10,000 wa Korea Kusini, nchi inayokula tambi hizi kwelikweli. Wanawake waliozila mara mbili au zaidi kwa wiki walionekana kuwa na mkusanyiko wa kitambi, presha, sukari na mafuta ya damu kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kwa wanaume haikuonekana hivyo. Wala utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba tambi ndizo zilizosababisha. Nausema wote kama ulivyo ili mtu asiuchukue nusu akaenda kuutangaza.

Mimi si daktari, nimeishia sekondari na madrasa. Lakini hesabu ya chumvi haihitaji udaktari.

Sasa niwageukie wale wanaowacheka walaji wa tambi. Tambi hizi alizibuni Momofuku Ando kule Osaka, Japani, mwaka 1958, na kilichomsukuma ni njaa aliyoiona nchini mwake baada ya vita. Ni chakula kilichozaliwa na njaa, na mpaka leo wanaokitegemea zaidi ni watu wenye sababu. Tazama hapa kwetu. Kijana anatoka shifti ya usiku, amepanga chumba kimoja, mkaa hana, anacho kijiko na sufuria na jiko dogo la gesi. Au ni mchimbaji mdogo ambaye leo amepata na kesho hajui. Ukimwambia huyo apike maharage ya kuchemka saa mbili, umemwambia maneno tu. Sheikh anayekataza sufuria ya mtu bila kujua ndani ya sufuria ile kungekuwa na nini kingine, hajaifuata ile hadithi. Kwa maana Ali hakuzuiwa tende akaachwa na njaa. Chakula kingine kilikuwa kipo jikoni, mama wa watu keshakipika.

Huku Tarime sisi hatuna udhuru wa kukosa hicho kingine, ila udhuru wa haraka. Tuna mtama, ulezi, muhogo, ndizi za milimani, viazi vitamu. Tuna mnavu na mgagani ambao watoto wetu siku hizi wanaukunjia uso kwa sababu ni mchungu. Tuna maziwa ya mgando, tuna dagaa wa Musoma (mwenye presha achague wasiotiwa chumvi, awaoshe vizuri). Jirani zangu wazee wa Kikurya wanakula ugali wa mtama na mboga chungu na bado wanapanda vilima vinavyotuhemesha sisi. Sisemi mtama ni dawa ya kila kitu. Nasema mboga ya majani na nafaka isiyokobolewa ndicho alichopelekewa Ali.

Kwa aliye peke yake chumbani, nimezungumza na mhudumu mmoja wa afya na ushauri wake naupenda kwa sababu unawezekana. Chemsha maharage Jumapili, yagawe, yakae kwenye friji ya mwenye nyumba kama anaruhusu. Chemsha mayai. Na usiku ukifika huna kingine ila pakiti, basi moja, si mbili. Kile kipakiti cha kiungo tia robo, au usitie kabisa, weka kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu. Maji ya kuchemshia yamwage. Ongeza yai na fungu zima la mchicha mpaka tambi ziwe ndizo zinazosindikiza mboga. Hiyo mara moja moja haitakuvunjia mpango wako. Ila mwenye presha iliyopanda au figo zenye matatizo asichukue ruhusa yake kwangu, aichukue kwa anayempima.

Akina mama, na nyinyi nina neno nanyi, ingawa nitaanza na waume zenu. Baba ameambiwa ana presha. Mama amejitahidi, mnavu haujaona chumvi, amekamulia ndimu. Baba anakula kidogo kwa adabu, saa nne usiku anatoka "kuchukua vocha", anasimama kibandani anakula tambi na soseji. Huyo hamdanganyi mkewe peke yake. Mwili ni amana, na Salman al-Farisi alipomnasihi Abu Dardaa juu ya haki ya nafsi na haki ya watu wa nyumbani, Mtume alimsadikisha Salman. Kwa upande wenu akina mama, msibadilishe chumvi kwa vidonge vya kiungo cha mchuzi mkadhani mmeiacha. Vile navyo ni chumvi. Na mtoto wa miaka mitatu asifanyiwe tambi kuwa chakula cha jioni kila siku kwa sababu "ndicho anachokubali". Anakubali kwa sababu ndicho anachopewa.

Ramadhani nitaizungumza wakati wake ukikaribia, in shaa Allah. Kwa sasa wanaofunga Jumatatu na Alhamisi wajue tu kwamba tambi za pakiti kwenye daku zinamlipisha mtu kiu mpaka Magharibi.

Limebaki swali moja, nalo limenifurahisha. Dada mmoja anasema aliapa, "Wallahi sili tena tambi," kisha wiki ya tatu akala. Afanye nini? Dayati yenyewe haina kafara dada yangu, anza tena kesho. Ila kiapo ulichokiapa kwa jina la Allah ukakivunja kina kafara yake, imo katika Surat Al-Maida: kulisha masikini kumi au kuwavisha au kuacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Kwa hiyo wengine msiape. Weka nia, andika kwenye karatasi ukutani ukipenda, usiape. Dada huyo akaniuliza tena kama masikini hao kumi anaweza kuwapa pakiti moja moja ya tambi amalize. Aya imetaja chakula cha wastani unachowalisha watu wa nyumbani kwako. Nikamjibu, kama hicho ndicho chakula cha wastani nyumbani kwako, basi njoo na mumeo baada ya Ijumaa tuzungumze.

Wallahu a'lam.