Mtandao Uko Chini, na Mgonjwa Je?



Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali saa tano usiku, homa imepanda. Hela nilikuwa nayo mkononi, noti kabisa. Dirishani nikaambiwa: "Subiri kaka, mtandao uko chini, namba ya malipo haitoki." Bila namba hakuna risiti, bila risiti maabara hawapimi damu. Tukakaa kwenye benchi karibu saa tatu. Mhudumu mwenyewe alikuwa anaona aibu. Simlaumu, hakuachiwa hata kitabu cha risiti cha akiba.

Mama amepona, tunamshukuru Mungu. Ila swali limebaki: nani aliamua kwamba uhai wa mtu upite njia moja tu?

Sipingi mfumo wa malipo. Umesaidia kuziba mianya ya wizi, na hilo tulilidai wenyewe. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tumeutupa kabisa.

Na misala hii inapita kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Hiyo tuite ajali. Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Hapo hakukuwa na mkongo uliokatika baharini. Serikali inayotuambia kila kitu sasa ni kidijitali ndiyo hiyohiyo inayoweza kubonyeza swichi. Huwezi kumfunga mwananchi kwenye kamba moja, halafu ukabaki na kisu mkononi.

Sisi wa Kigoma somo hili tunalijua. MV Liemba ilishushwa majini hapa hapa mwaka 1915, na kwa miongo mingi vijiji vya mwambao vikaitegemea meli hiyo. Iliposimama kwa ubovu, watu wakabaki na maboti, mvua yao, mawimbi yao. 

Wapo watakaosema, "Changamoto ni za kawaida." Sawa. Ndiyo maana mvuvi wa Kibirizi mwenye injini bado anabeba kasia. Hasubiri injini izime katikati ya ziwa ndipo aunde tume.

Kwa hiyo tusiishie kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp. Mkutano ujao wa mtaa wako, simama, muulize diwani mambo matatu: mtandao ukilala, hospitali yetu inapokeaje mgonjwa? Umeme ukikatika, jenereta ina mafuta ya saa ngapi? Na nani anawajibika mgonjwa akifia kwenye foleni ya namba ya malipo?

Akisema atafuatilia, mwombe tarehe. Iandike, kisha rudi nayo.