Jicho la Mashine Halijifuti

Wanachama wenzangu,

Katika mkutano uliopita baadhi yetu walitoa shauri kwamba tukusanye fedha tununue mashine ya kuchagua karafuu kwa rangi, ile yenye jicho la umeme, tuisafishe karafuu yetu kabla ya kuipeleka kituoni. Mimi siikatai mashine. Ila nimeona jambo, na haifai katibu aone kisha anyamaze.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Dar es Salaam kumtazama ami yangu akaaye Mabibo, si mbali na soko la ndizi. Jirani yake ana ghala, na ndani yake mna mashine ya namna hiyo, yenye kuchagua maharage. Kazi yake ni hivi: punje huteremka katika mlizamu, taa huzimulika, na kamera iliyo nyuma ya kioo hupima mwanga unaorudi kutoka kwa kila punje. Punje nyeusi hurudisha mwanga mchache. Hapo vali hufunguka, na hewa ya kompresa huipiga ikaangukia kando. Yote hayo hupita kabla hujapepesa kope.

Siku niliyofika, mashine ilikuwa ikitupa maharage mazima pamoja na mabovu. Mwenye ghala akawalaumu wakulima kuwa wameleta mzigo mbaya. Kijana msimamizi akalegeza kipimo. Mazima yakapona, lakini mabovu nayo yakapita. Akakaza tena. Asubuhi nzima ikaishia hapo, hata mzee mmoja mchukuzi akauliza, "Wanangu, hilo jicho mmelifuta?" Wakazima umeme, wakafungua, wakakuta vumbi limeganda juu ya kioo. Kikafutwa kwa kitambaa laini, kipimo kikarudishwa pale pa mwanzo, na kazi ikaenda.

Yapata miaka 1,000 iliyopita Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alibainisha kwamba jicho huona kwa mwanga unaoliingia kutoka kwenye kitu, si kwa mwanga unaotoka jichoni. Na la mashine ni vivyo hivyo. Kioo kikichafuka, chema huonekana kiovu.

Kwetu taabu hiyo itazidi. Karafuu kavu ina mafuta kiasi cha sehemu 15 hadi 20 kwa mia, na vumbi lenye mafuta hunata. Tena jicho hilo halinusi wala halipimi unyevu. Karafuu yenye rangi nzuri lakini haijakauka sawasawa itapita. Kwa hiyo jamvi na jua bado ni kazi yetu.

Rai yangu ni hii. Kwanza, kijana wetu mmoja afundishwe kabla mashine haijapakiwa chomboni. Pili, taa, vali na chujio za akiba zinunuliwe pamoja nayo. Tatu, pawe na daftari. Kila asubuhi kioo kifutwe na maji ya kompresa yamwagwe. Kisha zihesabiwe punje 100 katika fungu lililotupwa, ionekane nzima ni ngapi. Zikiwa nyingi, kitazamwe kioo, halafu taa, halafu nguvu ya hewa, halafu mzigo upunguzwe mlizamuni. Kipimo kiguswe mwisho. Na kila mara libadilishwe jambo moja tu, maana ukibadilisha matatu hutajua lipi lililoponya.

La nne ndilo kubwa. Mwanachama yeyote asikatwe hata shilingi moja kwa hukumu ya mashine mpaka jicho likaguliwe na fungu lake lihesabiwe kwa mkono, naye akiwapo. Mtu aliyepanda mkarafuu, akapanda juu kuuchuma, akaanika na kuanua kila wingu lilipotanda, hastahili kuambiwa mali yake mbovu kwa sababu ya kioo kichafu.

Tukiyakubali haya, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa mchango. Tukiyakataa, basi heri tubaki na vidole vya mama zetu jamvini, kwani wao macho yao huyafuta wenyewe.

Wasalaam,
Katibu wenu