Kona ya Vitabu: Sauti Hii ni ya Nani?

Aliyelalamika kwamba kona hii haina muziki amejitakia: leo ni waimbaji wa opera, tena wa kwenye riwaya tu, wa karne ya 19.

Anayejulikana zaidi ni Trilby, wa riwaya ya George du Maurier ya mwaka 1894. Ni msichana wa Paris ambaye kazi yake ni kukaa wachoraji wamchore, na kuimba hajui kabisa. Svengali anampumbaza mpaka akili inalala, na katika usingizi huo anaitikisa Ulaya. Svengali anapokufa ghafla ukumbini, London, Trilby anabaki jukwaani na sauti yake mwenyewe, na watu wanamzomea. Svengali naye amechorwa kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Sisi watoto wa wahamiaji harufu hiyo tunaijua.

Tunayempenda ni Alcharisi, katika Daniel Deronda ya George Eliot (1876). Baba yake alitaka binti mtiifu wa nyumbani, yeye akataka jukwaa. Mwanawe alipofika miaka miwili alimkabidhi bwana mmoja aliyekuwa akimpenda, amlee. Baadaye sauti ilianza kwenda kombo, akaogopa aibu, akaacha kuimba na kuolewa. Sauti ikarudi, lakini amekwisha kuchelewa. Mama mmoja wa hapa Kensington, aliyekuja Johannesburg kutoka Lubumbashi na watoto watatu, tulipomsimulia aliguna tu: “Huyo kaacha mmoja akaandikiwa kitabu. Sisi tulioacha nyimbo, nani katuandikia?” Hatukuwa na jibu, na mpaka sasa hatuna.

Kwetu pwani wa kulinganishwa nao si wa kubuni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza kabla ya kuingia kwenye taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV kwa Kiswahili. Wimbo wake kuhusu Kijiti ulieleza wazi jinsi kesi ya mauaji ilivyoamuliwa kinyume. Hapo hakuna wa kumpumbaza! Ni kweli kwamba maisha yake nayo yaliandikwa na mwanamume, Shaaban Robert, na baadhi yetu tunaona anamsifu mno, kama mtakatifu. Lakini santuri zipo: usipomwamini mwandishi, unamsikiliza mwenyewe. Trilby hana santuri. Ana du Maurier peke yake.

Mwenzetu anayesomea uimbaji anapinga. Anasema kila mwimbaji ana Svengali wake kidogo, yaani mwalimu, na hata Pretty Yende wa Piet Retief alifundishwa. Tumemjibu kwamba mwalimu akifa, mwanafunzi haachi kuimba. Hajakubali.

Mkutano ujao tutasoma Consuelo ya George Sand, mwanamke aliyejificha nyuma ya jina la kiume. Chai ipo. Mandazi atakuja nayo yule anayemtetea Svengali.