Mashauri ya Nyumbani: Mali Kauli



Matokeo ya kidato cha nne yakiisha kutangazwa, huku kwetu Masasi na Newala hazikosekani nyumba ambamo kijana huketi kibarazani kutwa, naye baba yake hamwambii neno. Fedha za korosho zimekwisha kugawanywa, wala nafasi ya shule haikupatikana. Akiambiwa aende akauze dukani kwa mtu, aona haya, kwa kuwa amesoma. Na sisi wazee twaona haya pamoja naye. Juu ya haya hiyo twataka kusema leo.

Wengi wetu twalidharau jina la mmachinga. Kumbe limetoka kwetu kusini. Wamachinga ni jirani zetu wa Lindi. Na vijana wa huku walipokwenda Dar es Salaam kuuza vitu mkononi, watu wa mji waliwaita wote kwa jina hilo, hata Wamakonde, Wamakua na Wamwera. Wengi walisafiri kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, siku ambazo masika yaliweza kuifunga njia. Mtaji hawakuwa nao. Walianza kwa mali kauli.

Maana yake ni hii: mwenye duka humpa kijana vitu bila fedha, kwa neno lake tu, naye hulipa akiisha kuuza. Tuseme amepewa kandambili jozi 12, kila jozi kwa shilingi 2,000, naye auza kwa 3,000. Jioni ameuza jozi 8. Ana shilingi 24,000 mfukoni, ajiona tajiri. Lakini 16,000 ni za mwenye mali, na jozi 4 zarudi dukani. Zake ni 8,000, na humo atoe chakula na nauli. Akila zile 16,000, kesho hapewi kitu, na habari zake zitafika kwa wenye maduka wengine kabla yake. Akizirudisha zote, keshokutwa atapewa jozi 20. Hapo ndipo biashara ianzapo.

Na asiyetaka kwenda mbali aweza kuanza hapa hapa: kusaidia dukani, kuketi katika kibanda cha wakala wa fedha za simu, au kushika mizani katika chama cha msingi wakati wa korosho. Huko atajifunza kupambanua korosho za daraja la kwanza na la pili, kuandika stakabadhi, na kumjibu kwa upole mkulima mwenye hasira.

Basi twawashauri hivi. Ninyi walimu, wafundisheni kutenga mtaji na faida katika daftari kabla hawajamaliza shule. Ninyi wazazi, nendeni pamoja na mwana au binti yenu kwa mwenye duka. Mwoneni ni mtu wa namna gani, na mapatano ya ujira na ya mali ikipotea yaandikwe mbele ya shahidi. Wengi wamegombana kwa sababu ya jambo hili moja.

Tena, mtoto akirudi jioni ya siku ya kwanza, msimwulize kwanza amepata ngapi. Mwulizeni, “Za mwenye mali ziko wapi?”